Mbona Hewa ya Mlimani Haitoshi?

Wahenga walinena kuwa kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Wazee wetu walikuwa wanasema juu ya mti wenye miiba, na hapo hawakukosea hata kidogo. Lakini ukitoka kwenye mchongoma ukaenda kwenye mlima mrefu, methali hii yageuka miguu juu kichwa chini. Mlimani kupanda ndiko ngoma, na kushuka ndiko dawa. Kwa nini? Ndugu msomaji, keti kitako nikueleze.

Kila likizo ya Agosti vijana wa shule mbalimbali hufunga virago kwenda Mlima Kenya. Wengine ni skauti, wengine ni wa vyama vya kupanda milima, na wengine hupelekwa na walimu wa Jiografia. Wakirudi huwa na picha nyingi na hadithi nyingi zaidi. Na katika kila hadithi hakosi mmoja wa kuchekwa. "Yule alilia kichwa usiku kucha!" "Yule alitapika hata chai ya asubuhi!" "Yule ni mtoto wa mama, miguu ilikataa!" Basi watu hucheka mpaka mbavu ziume.

Mimi nasema kicheko hicho ni hatari. Mwenye kuumwa kichwa kule juu si mwoga wala si mvivu. Amekutana na jambo ambalo sisi tumelisoma darasani katika Fizikia, tukalijibia mtihani, kisha tukalisahau. Jambo lenyewe ni kanieneo ya hewa, yaani ule msukumo ambao hewa huukandamizia kila kitu ilichokizunguka. Wengine huuita shinikizo, wengine mgandamizo. Jina lolote utakalolitumia, ukipanda mlima huo msukumo hupungua.

HEWA INA UZITO, ATI!

Watu wengi hudhani hewa si kitu. Mtu akiwa na mfuko mtupu husema, "Nina hewa tu." Kumbe hewa ina uzito wake! Kule Mombasa, karibu na bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kama kilo 1.2.

Hebu tufanye hesabu. Chukua darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3 kutoka sakafuni hadi darini. Ujazo wake ni mita 168. Ukizidisha kwa 1.2 utapata kilo 201 na zaidi kidogo. Gunia la mahindi ni kilo 90. Kwa hivyo hewa iliyomo ndani ya darasa hilo la Mombasa yashinda magunia mawili ya mahindi! Lichukue darasa lilo hilo ulipeleke Nairobi. Huko mita moja ya ujazo ina kama kilo 1 tu. Jumla ni kilo 168, na magunia mawili hayatimii. Darasa ni lile lile, kuta ni zile zile, lakini hewa imekuwa nyepesi.

Sasa kumbuka kwamba juu ya darasa kuna hewa nyingine, na juu ya hiyo kuna nyingine, kilomita baada ya kilomita. Hewa yote hiyo imeilalia ardhi. Katika usawa wa bahari, kila sentimita moja ya mraba hubeba mzigo wa hewa wa kama kilo moja. Pima kiganja chako. Je, hukioni kimebeba kilo nyingi sana? Mbona basi mkono hauvunjiki? Ni kwa sababu hewa haisukumi kutoka juu peke yake. Husukuma kutoka chini, kutoka kando na kutoka kila upande, na hata maji yaliyo mwilini mwetu husukuma nje kwa nguvu iyo hiyo. Ni kama watu wawili wenye nguvu sawa wakisukumana mlangoni, mlango hautikisiki.

BLANKETI KUMI KITANDANI

Mbona basi msukumo hupungua ukipanda? Fikiria umelala kitandani umefunikwa blanketi kumi. Wewe uliye chini kabisa unabeba uzito wa zote kumi. Blanketi ya tano kutoka juu inabeba nne tu. Ile ya juu kabisa haibebi kitu. Hewa nayo ni vivyo hivyo. Aliye Mombasa amefunikwa blanketi zote. Anayepanda mlima anazitoka moja moja, akiziacha chini yake, na zilizobaki juu yake ni chache.

Tena kuna jambo jingine. Blanketi za chini hukandamizwa zikawa bapa. Hewa ya chini pia hukandamizwa na ile ya juu ikasongamana. Ndiyo sababu kanieneo haipungui sawasawa kama mtu anayeshuka ngazi. Karibu na bahari, ukipanda mita 8 tu unapoteza milibari moja. Lakini kule kwenye mita 5,000 inakubidi upande kama mita 14 ndipo upoteze milibari hiyo moja, maana hewa ya huko ni haba. Ukifika kama mita 5,500, umekwisha kuiacha chini yako nusu ya hewa yote ya dunia. Nusu nzima! Na hali angahewa bado inaendelea kwenda juu makumi ya kilomita.

MTAWA ALIYELINDA ZEBAKI

Haya mambo hayakujulikana bure bure. Mwaka wa 1643, Mwitalia aitwaye Evangelista Torricelli alibuni chombo cha kuupima msukumo wa hewa. Huchukuliwa mrija wa kioo uliozibwa upande mmoja, ukajazwa zebaki, kisha ukapinduliwa ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki hushuka kidogo halafu ikasimama kwenye kimo cha kama sentimita 76. Ni nani anayeizuia isimwagike yote? Ni hewa inayolisukuma bakuli kutoka nje. Chombo hicho ndicho tunachokiita barometa.

Huko Ufaransa kulikuwa na mwanahesabu Blaise Pascal. Alifikiri hivi: kama ni uzito wa hewa unaoishikilia zebaki, basi mlimani, ambako hewa ya juu ni kidogo, zebaki itashuka. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa mgonjwa, akamwomba shemeji yake, Florin Périer, ampandie mlima uitwao Puy de Dôme. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alipanda na watu wengine wa mji. Kabla ya kupanda alifanya jambo la busara sana. Aliacha barometa nyingine kule chini kwenye bustani ya watawa, akampa mtawa mmoja kazi ya kuitazama siku nzima.

Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka zaidi ya sentimita 8. Waliporudi, mtawa aliwaambia kuwa ile ya chini haikusogea tangu asubuhi. Mwaona faida ya mtawa? Kama hangekuwako, mbishi angesema, "Labda ni hali ya hewa tu iliyobadilika siku hiyo." Sisi tunaofanya majaribio maabarani tukumbuke hilo. Anayetaka ukweli huacha kitu cha kulinganishia.

TUANGALIE NCHI YETU

Haya, tuyaache ya Ufaransa turudi nyumbani. Takwimu hizi ni za makadirio, maana kanieneo hubadilikabadilika kidogo kila siku.

Mombasa, usawa wa bahari: milibari 1,013. Maji huchemka kwenye nyuzi 100.
Nairobi, kama mita 1,700: milibari 830. Maji huchemka kwenye nyuzi 94.
Iten, kama mita 2,400: milibari 765. Maji huchemka kwenye nyuzi 92.
Kilele cha Lenana, Mlima Kenya, mita 4,985: milibari 555. Maji huchemka kwenye nyuzi 84.
Kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895: milibari 495. Maji huchemka kwenye nyuzi 81.

Na Everest, ulio mrefu kuliko milima yote, wenye mita 8,849? Mwaka wa 1981 wanasayansi wa Marekani waliufikisha barometa kileleni wakapata milimita 253 za zebaki, ambazo ni kama milibari 337. Hiyo ni thuluthi moja tu ya hewa ya Mombasa!

Hata bila kupanda mlima unaweza kuyahisi haya. Abiri matatu kutoka Limuru uteremke bondeni hadi Mai Mahiu. Masikio yataziba, halafu "pwo!" yakazibuka ukimeza mate. Ni hewa ya nje iliyoongezeka nguvu ikaisukuma ngoma ya sikio. Au chukua chupa tupu ya plastiki, uifunge kifuniko barabara ukiwa Limuru, kisha uende nayo Mombasa. Utaikuta imebonyea mbavu kama mtu mwenye njaa. Hakuna aliyeikalia, ni hewa ya pwani imeiminya.

KISA CHA MAHARAGWE

Huenda umetazama ile orodha ukashangaa, mbona maji yachemke kwa joto dogo huko juu? Maji yakipata moto, mvuke wake husukuma kutoka ndani utoke nje. Hewa nayo husukuma kutoka juu ikiuzuia. Mvuke ukifikia nguvu ya hewa, maji hububujika, nasi twasema yamechemka. Mlimani hewa ni dhaifu, kwa hivyo mvuke haupati taabu kuishinda. Maji yanachemka upesi, lakini hayana joto la kutosha.

Sasa ole wake anayepika maharagwe au githeri! Maji yakishachemka, hata ukiongeza kuni mpaka moto ulambe dari, joto halizidi. Unamaliza kuni bure. Kinachoivisha maharagwe ni joto, si mapovu. Ndiyo sababu mpishi wa Nyahururu hukesha na sufuria moja kuliko mpishi wa Malindi. Sufuria ya presha ilibuniwa kwa ajili ya shida kama hii. Huufungia mvuke ndani, kanieneo ikapanda, na maji yakafika kama nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Asiye nayo, aroweke maharagwe usiku kucha, na yakishachemka apunguze moto. Makaa siku hizi ni ghali, jamani.

Nao wanaokwenda mlimani wasibebe maharagwe makavu. Wabebe mchele, ndengu zilizokwisha kuchemshwa, mkate na vitu vyepesi kuiva.

MWILI NAO HULIA

Hapa ndipo penye kiini cha makala yangu. Watu husema ati mlimani "oksijeni imeisha". Si kweli. Katika kila chembe mia za hewa, chembe 21 ni za oksijeni, iwe ni Lamu au ni Lenana. Sehemu hiyo haibadiliki. Kinachobadilika ni wingi wa hewa yenyewe na nguvu yake ya kusukuma.

Fikiria stendi ya matatu. Abiria ni oksijeni, gari ni damu, na kanieneo ndiyo makanga anayewasukuma abiria waingie. Mombasa makanga ana nguvu na abiria ni tele, gari linajaa mara moja. Kule Lenana makanga amechoka na abiria waliosimama ni nusu hivi ya wale wa Mombasa. Gari linaondoka na viti vitupu. Damu inafika kichwani na miguuni ikiwa haina mzigo wa kutosha.

Mwili si mjinga. Unaanza kuhema haraka na moyo unapiga mbio, ili magari yaende safari nyingi zaidi. Ukikaa juu siku nyingi, mwili huongeza chembe nyekundu za damu, yaani hununua magari mengine. Lakini kununua gari si kazi ya siku moja! Mwenye kupanda kwa pupa humwambia mwili wake, "Nunua leo, tumia leo." Hapo ndipo kichwa huuma, chakula hakiliki, kichefuchefu huja, usingizi hupaa na miguu hulegea. Huo ndio ugonjwa wa mlimani. Humpata kijana kama mzee, mwanamichezo kama asiyecheza. Kuwa hodari wa mpira si kinga.

Dalili hizo zikipuuzwa, mambo huharibika. Mapafu yaweza kujaa maji, mgonjwa akahema hata akiwa ameketi, akakohoa kwa sauti ya kutokota kifuani. Au ubongo huvimba, akapepesuka kama mlevi na kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Akifikia hapo ni suala la saa, si la siku. Dawa ya kwanza ni kumteremsha mara moja, hata kama ni usiku. Hata kuteremka mita mia kadhaa humfaa, maana kila hatua ya kushuka yamrudishia makanga wake nguvu.

Basi rudi kwa yule tuliyekuwa tukimcheka. Akijua atachekwa, je, atasema? Hatasema. Atanyamaza, atavumilia, atawafuata wenzake ili asiitwe mtoto wa mama. Mficha maradhi kifo humuumbua.

DHAHABU YA MEXICO

Lakini hewa haba si adui siku zote. Mwaka wa 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanyiwa mji wa Mexico, ulio kwenye mwinuko wa kama mita 2,240. Wakimbiaji wengi kutoka nchi za chini waliteseka. Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa ameshikilia rekodi ya dunia ya mita 10,000, alimaliza mbio hizo wa sita akaanguka na kuzirai, ikabidi apewe oksijeni. Aliyeshinda ni nani? Ni Naftali Temu, akiiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Kipchoge Keino akashinda mita 1,500, na Amos Biwott akashinda mbio za kuruka viunzi na maji. Wote hao walikuwa wazaliwa wa nyanda za juu. Bidii ilikuwa yao wenyewe, lakini miili yao ilikuwa imekwisha kuzoea magari kwenda bila kujaa.

HESABU YA KUOKOA MAISHA

Sasa nawageukia wenzangu wanaojiandaa, pamoja na walimu wetu wapendwa wanaopanga safari. Wataalamu hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima.

Tuitazame njia ya Naro Moru. Wengi hulala usiku wa kwanza kwenye kambi ya Met Station, mita 3,050. Usiku wa pili hulala kambi ya Mackinder, mita 4,200. Alfajiri ya siku ya tatu hukimbilia Lenana, mita 4,985. Toa 3,050 katika 4,200. Utapata 1,150. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya zile 500 zinazoshauriwa! Je, ni ajabu watu kuumwa vichwa? Njia ya Sirimon ni nafuu kidogo: kutoka Old Moses, mita 3,300, hadi Shipton, mita 4,200, ni mita 900. Hata hizo ni nyingi.

Najua siku moja zaidi ni pesa. Kuna ada ya hifadhi, kuna chakula, kuna malipo ya wapagazi. Wazazi wetu wengi hata ile karo ni taabu. Ndiyo sababu safari hufupishwa. Lakini mimi naona afadhali waende wanafunzi kumi kwa siku tano kuliko ishirini kwa siku tatu. Ile siku ya ziada ilaliwe Met Station, watu wapande mchana kidogo kutazama kisha warudi kulala chini. Siku nyingine ya kupumzika iwe Mackinder kabla ya kilele.

Tena kila kundi likubaliane kabla ya kuondoka mambo matatu. Kwanza, kila jioni kila mtu aulizwe kichwa chake kikoje, na jibu lisichekwe. Pili, mwenye dalili asipande zaidi mpaka zimwishe, na zikizidi ateremshwe. Tatu, asiteremke peke yake kamwe.

Usiku wa kuamkia siku ya Uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao aliisimamisha bendera ya Kenya pale Lenana. Ni fahari kubwa kusimama alipokanyaga. Lakini kilele hakihami. Kitakuwako mwaka ujao na mwaka ule mwingine. Mtu je?

Kwa hivyo ukimwona mwenzako amekaa juu ya jiwe akishika kichwa, usimcheke. Mshike mkono, mbebee mfuko, mgeukeni pamoja mrudi chini. Haraka haraka haina baraka, na kule juu haina hata hewa.

Hadi hapo naweka kalamu chini. Wanachama wenzangu, Kiswahili kitukuzwe!